Saa ya kike ya rangi mbili: maswali ninayoulizwa kila siku mezani

Nauza na kutengeneza saa Kariakoo, Dar es Salaam. Inayoulizwa kuliko zote ni ile ndogo ya akina mama, ya mtoko, yenye rangi ya fedha na ya dhahabu kwa pamoja: pingili za pembeni nyeupe, za katikati njano, na duara la njano kuzunguka kioo. Wengine wanaiita "ya rangi mbili", wengine "mchanganyiko". Maswali ni yaleyale, kwa hiyo nimeyaandika hapa. Nimelitanguliza la dhahabu kwa sababu jibu lake ndilo linaloamua bei, usafi na umri wa saa yenyewe.

Hiyo sehemu ya njano ni dhahabu kweli?

Mara nyingi si dhahabu, au ni dhahabu ya juujuu tu. Wala si kosa, ilimradi umeambiwa ukweli na bei imeufuata ukweli huo.

Dhahabu yenyewe ipo kwenye saa za bei kubwa. Rolex walisajili jina la Rolesor mwaka 1933 kwa ajili ya mchanganyiko wao wa dhahabu na chuma. Kwenye saa zao za njano na nyeupe, duara la kioo, kitufe cha pembeni na pingili za katikati ni dhahabu ya karati 18, yaani sehemu 750 za dhahabu katika kila sehemu 1000. Ndiyo maana utakuta namba 750 imegongwa kwenye dhahabu halisi. Ikwaruze miaka ishirini, chini ya mkwaruzo utakuta njano ileile.

Kisha kuna ya kuchovya. Hapo chuma kinatumbukizwa kwenye maji ya dawa yenye dhahabu, umeme unapitishwa, na dhahabu inaganda juu yake. Unene wake unapimwa kwa maikroni, na maikroni moja ni sehemu moja ya elfu ya milimita. Saa nyingi za zamani za Uswisi zilichovywa maikroni 10 au 20, na kiwanda kikajivunia kuyaandika hayo mgongoni. Nyingi za leo za bei nafuu haziikaribii hata hiyo 10.

Ya tatu ndiyo imejaa sokoni siku hizi, wauzaji wanaiita PVD au IP. Chuma kinaingizwa kwenye chemba iliyoondolewa hewa, madini yanageuzwa mvuke, na mvuke huo unagandia juu ya chuma. Njano yake mara nyingi inatokana na titani naitraidi, kitu kigumu kuliko chuma chenyewe ambacho hakina hata chembe ya dhahabu. Ukitaka kukiona, nenda duka lolote la vifaa vya ujenzi uombe biti za kutobolea chuma zenye rangi ya dhahabu. Ni kitu hichohicho. Viwanda vingine huongeza utando mwembamba wa dhahabu juu yake ili rangi ipoe kidogo, isiwe kali kama ya biti.

Sasa swali ambalo watu hawaniulizi, na ningependa waniulize: chini ya njano kuna nini? Kama ni stenlesi, siku njano ikiisha utabaki na saa nyeupe yenye madoa, bado chuma kizima. Kama ni shaba njano, utabaki na kitu kinachoota kijani. Mimi kwa mtu wa kuvaa kila siku nampa PVD juu ya stenlesi kabla ya dhahabu nyembamba iliyochovywa juu ya shaba. Masonara wananibishia, kwamba nadharau dhahabu. Haya.

Nitajuaje kilichomo bila kuwa sonara?

Igeuze usome mgongo. Ukikuta maneno STAINLESS STEEL peke yake au ALL STAINLESS STEEL, bodi yote ni chuma kisichoshika kutu. Ukikuta STAINLESS STEEL BACK, soma lile neno la mwisho mara mbili. Maana yake ni kwamba mfuniko wa nyuma tu ndio stenlesi, na bodi iliyobaki ni kitu kingine. Zipo zinazosema wazi zaidi, zimeandikwa BASE METAL BEZEL, yaani duara la mbele ni madini ya kawaida. Mtengenezaji hajakudanganya hapo, ameandika, ni sisi tusiosoma.

Baada ya hapo ukunje mkanda taratibu, kisha utazame pale pingili mbili zinapokutana. Hapo ndipo ufundi unapoonekana. Pingili nzima ina kingo safi na uzito. Pingili ya bati lililokunjwa ina mstari wa mshono kwa ndani, na mkanda wake ukiushika hewani unalialia kama kopo. Dhahabu ya karati 18 ni nzito karibu mara mbili ya chuma kwa ukubwa uleule, kwa hiyo saa inayodaiwa kuwa na dhahabu halisi halafu ni nyepesi kiganjani, muulize muuzaji tena.

Kwenye saa za Uswisi za dhahabu halisi, tangu mwaka 1995 alama rasmi ni kichwa kidogo cha mbwa aina ya Saint Bernard. Kinaonekana kwa lenzi. Kwa macho tu utadhani ni mchubuko.

Itachujuka baada ya muda gani?

Anayekutajia miaka kamili anakisia. Ninachoweza kukuambia ni wapi itaanzia, kwa sababu karibu zote zinaanzia palepale: upande wa chini wa kufuli, panaposugua meza unapoandika au kuchapa kwenye kompyuta. Kisha kwenye kona za pingili za katikati. Mwisho kwenye ukingo wa bodi ulio jirani na kitufe, kwa sababu vidole vinapita hapo.

Mwaka juzi dada mmoja aliniletea saa aliyonunuliwa kwa ajili ya sendi-ofu yake. Kwa mbali ilikuwa mpya. Nilipoifungua kufuli na kuiweka chini ya taa, ndani yake kulikuwa na doa la ukubwa wa punje ya mchele, kwanza jekundu la shaba, pembeni yake kijani laini kama ukungu wa mkate. Alikuwa anapulizia manukato kwenye vifundo vya mikono kila asubuhi, saa ikiwa tayari mkononi. Saa haikuwa mbaya hivyo, ila ilikuwa inanyweshwa spiriti kila siku.

Kwa hiyo mpangilio uwe huu: mafuta, losheni, manukato, udi, vyote vitangulie. Saa ivaliwe mwisho, ngozi ikishakauka. Na ukifua kwa jiki, ivue kabisa. Klorini inakula njano, ikipata nafasi inakula hata stenlesi.

Mkono unaniwasha, na mwingine unaniachia alama ya kijani. Nina aleji?

Hayo ni mambo mawili. Kijani ni shaba inayokutana na jasho na chumvi, inaoshwa kwa sabuni ikatoka. Inakuambia kwamba utando wa juu umeshapasuka. Muwasho, vipele na ngozi kupasuka pale pale mfuniko unapogusa mara nyingi ni nikeli. Hata stenlesi nzuri ya daraja la 316L ina nikeli, ila imeshikwa ndani na inatoka kidogo sana, ndiyo maana wengi wanaivaa bila shida. Wachache wanashindwa hata hiyo. Kwa hao kuna titani, nyepesi na rafiki wa ngozi, na zipo za rangi mbili pia.

Watu wanapaka rangi ya kucha isiyo na rangi upande wa nyuma. Inasaidia siku chache kisha inabanduka. Ngozi ikiwa imechubuka mpaka inatoa maji, mwone daktari wa ngozi, si fundi saa.

Imeandikwa haiingii maji mita 30. Naweza kuogelea nayo?

Hapana. Hata kuoga nayo nakukataza.

Ile mita 30, au 3 ATM, au bar 3, ni kipimo cha mgandamizo wa maji yaliyotulia kiwandani. Kwa matumizi ya nyumbani inamaanisha mvua ya ghafla na maji ya kunawa mikono. Mita 50 angalau ukioshea vyombo hupati presha. Kuogelea anza kuwaza kwenye 100. Iliyoandikwa WATER RESISTANT bila namba ihesabu kama ya mita 30.

Na kumbuka kinachozuia maji ni ringi nyembamba za mpira, moja chini ya mfuniko na nyingine kwenye shina la kitufe. Mpira unazeeka. Joto la bafu linautanua, sabuni inaulainisha. Kila ninapobadilisha betri naitazama ile ringi ya mfuniko. Ikiwa bapa au imekauka naibadilisha, na ninyi mnaponiuliza kwa nini nimeongeza bei kidogo, ndiyo hiyo.

Ukiona ukungu chini ya kioo, vuta kitufe nje na uilete siku hiyohiyo. Usiiweke kwenye mchele. Mchele una vumbi lake, halafu maji yanakuwa yameshagusa mashine.

Nipunguze pingili ngapi, na napunguzaje?

Hili nitalijibu kwa urefu, kwa sababu saa nyingi nzuri zimeharibiwa hapa na mtu mwenye msumari na jiwe.

Kwanza muda. Mkono una tabia ya kuvimba kidogo kwenye joto. Ukipimwa asubuhi na kipupwe ofisini, mchana utarudi unalalamika inabana. Napenda kupima alasiri. Ikifungwa, kidole chako kidogo kipite chini ya kufuli bila kulazimisha, na saa ikishuka isivuke mfupa wa kifundo.

Pili usawa. Pingili zinatolewa pande zote mbili, upande wa namba 12 na upande wa namba 6, ili kufuli ikae katikati chini ya mkono. Zikitoka upande mmoja tu, kufuli inapanda pembeni, uso wa saa unageukia nje, na utaishia kuuzungusha siku nzima kama bangili. Zikiwa za kutoa ni tatu, mimi natoa mbili upande wa 6 na moja upande wa 12, kwa kuwa upande wa 6 kwa watu wengi ndio unaohitaji kuwa mfupi. Kabla ya kutoa hata moja tazama ubavu wa kufuli. Ukiona vitundu vidogo vimepangana, pini ya hapo inaweza kusogezwa tundu moja au mawili, na hiyo pekee huenda ikatosha.

Tatu mishale. Ndani ya mkanda, kwenye pingili zinazotoka, kuna vimishale vidogo vimechorwa. Pini inasukumwa kuelekea mshale unakoonyesha, na ikirudishwa inaingia kinyume chake. Ukiisukuma kinyume utaipinda, na kwenye saa ya rangi mbili pini iliyopinda inachana ukingo wa pingili ya njano. Hakuna dawa ya mchano huo.

Nne, na hili nawasihi: pingili zilizotolewa ni mali yako. Zidai, zifungie kwenye kimfuko, ziweke na karatasi za saa. Mkono unanenepa, mwingine anajifungua, mwingine anamrithisha binti yake. Pingili nyeupe nitakutafutia popote. Ya rangi mbili ni kazi, kwa sababu njano ya kiwanda hiki si njano ya kile, na hata kiwanda kilekile toleo la mwaka mwingine linatofautiana. Nimewahi kumwekea mteja pingili moja iliyokaribiana rangi. Kila alipopita mezani kwangu alininyooshea mkono, bila kusema neno.

Saizi gani inanifaa?

Zungusha uzi kwenye kifundo, uweke kwenye rula. Kwa mkono wa sentimita 14 hadi 16, bodi yenye upana wa milimita 24 hadi 30 inakaa kistaarabu. Kipimo muhimu kuliko upana ni ule urefu wa juu kwenda chini, kutoka ncha moja ya bodi inaposhikia mkanda hadi ya pili. Ncha zikining'inia nje ya mkono, saa si yako hata kama umeipenda.

Unene pia. Saa ya mtoko ipite chini ya mkono wa gauni bila kukwama. Ndiyo sababu nyingi ni za betri: mashine ya betri ni nyembamba kuliko ile ya kujijaza kwa mtikiso wa mkono.

Betri inakaa muda gani, na kwa nini ya kwangu iliisha haraka?

Ndani ya saa ya betri kuna kipande kidogo cha kwatzi. Kikipitishiwa umeme kinatetemeka mara 32,768 kwa sekunde. Namba hiyo ukiigawa nusu mara 15 unapata moja kamili, na hiyo moja ndiyo sekunde inayosogeza mishale. Seiko walitoa saa ya kwanza ya mkononi ya namna hii kuuzwa madukani Desemba 1969. Leo mashine za Miyota, ambazo ni za kundi la Citizen, zimejaa kwenye saa za majina mbalimbali. Ile 2035 yao nimeifungua mara nyingi mpaka naitambua kwa kuigusa. Inakosea si zaidi ya sekunde 20 kwa mwezi, na betri yake hukaa kama miaka mitatu.

Hiyo ni kama betri mpya ni ya aina inayofaa. Hapa ndipo watu wanapopigwa. Betri ya saa hizi mara nyingi ni SR626SW, wengine wanaiita 377, au nyembamba yake SR621SW, yaani 364. Herufi ya kwanza ndiyo siri. S ni oksaidi ya fedha, volti 1.55, inashikilia nguvu yake karibu sawasawa mpaka mwisho. Ipo nyingine ya umbo lilelile, LR626 au AG4, ya alkalini, bei ya kutupa. Inaingia vizuri, saa inatembea, unalipa unaondoka. Nguvu yake inashuka kidogokidogo, haidumu, na ikiisha ni nyepesi kuvuja. Mwambie fundi akuonyeshe betri kabla hajaiweka. Kama anaishika kwa vidole vitupu badala ya pinseti, jasho la vidole nalo linaanza kuila.

Saa nyingi zenye mshale wa sekunde zikikaribia kuishiwa, mshale huo unaanza kuruka sekunde mbili au nne kwa mkupuo. Haijaharibika, inakuomba betri. Za mtoko nyingi zina mishale miwili tu, hivyo dalili hiyo haipo. Utashtukia uko harusini na saa imeganda.

Ikisimama usiiache hivyo kabatini. Betri iliyokufa ikivuja ndani, gharama si ya betri tena.

Je, uvute kitufe nje usipoivaa, ili kubana matumizi? Inasaidia, viwanda huziuza zikiwa na kiplastiki hapo. Lakini kitufe kikiwa nje, mlango wa unyevu uko wazi, na sisi tunaishi pwani. Mimi nakiacha ndani.

Inasimama nikibeba mkoba, nikiivua inatembea. Ina jini?

Ina jirani mwenye sumaku. Kufuli ya mkoba, kava ya simu, spika. Isogeze mbali itaendelea, kisha urekebishe majira.

Kioo kinachubuka. Kipi bora?

Vumbi letu lina mchanga, na mchanga ni kwatzi. Kwenye kipimo cha ugumu cha Mohs, kwatzi iko 7, kioo cha kawaida kiko chini yake, yakuti iko 9, almasi 10. Kwa hiyo kioo cha kawaida kinachubuliwa na vumbi la barabarani ukikifuta kwa kanga kavu, na kioo cha yakuti ya kiwandani hakichubuliwi. Ila yakuti ikidondoka kwenye marumaru inaweza kuvunjika palipo na kioo cha kawaida kikapona. Kwa saa ndogo isiyogongwagongwa, yakuti inastahili pesa yake.

Bangili ni adui mwingine. Ukivaa bangili za chuma mkono mmoja na saa, njano ndiyo itakayolipa. Weka bangili mkono wa pili.

Kwa nini namba nne ya Kirumi imeandikwa IIII?

Ni desturi ya watengeneza saa, si kosa la kiwanda, na wala si dalili ya feki. Maelezo yanayotolewa ni mengi. Linaloonekana kwa macho ni kwamba IIII inasawazisha uzito na VIII iliyo upande wa pili. Weka IV hapo, uso wa saa unaegemea kushoto.

Tukiwa hapohapo: mabinti waliokulia Ulaya wananiuliza shangazi zao wanasomaje saa hizi. Wepesi wake ni huu: tazama mshale mfupi unakoelekea, kisha soma namba iliyo mkabala nayo. Mshale uko kwenye 7, ng'ambo yake ni 1, basi ni saa moja. Tunahesabu tangu jua linapochomoza, na huku karibu na ikweta jua halibadilishi sana miadi yake. Zile picha za matangazo, ambazo karibu zote mishale inaonyesha kumi na dakika kumi, kwetu ni saa nne na dakika kumi, wakati wa chai.

Si mtindo wa kizamani huu?

Ulivuma sana miaka ya 1980, kweli, ndiyo maana wengi wanauona kama saa ya mama zao. Lakini una historia ndefu kuliko hapo. Datejust ya Rolex ilitoka mwaka 1945, ya kike ikafuata 1957, na rangi mbili zimeshikamana nayo hadi leo. Cartier mwaka 1978 walitoa Santos ya chuma yenye dhahabu, skrubu zake zikiwa wazi kama za mashine, wakati saa ya heshima ilipotarajiwa kuwa dhahabu tupu.

Na kwa wanaodhani saa ya mkononi ilianza kwa wanaume wakaigwa na wanawake, ni kinyume. Breguet, fundi saa wa Paris, aliagizwa saa ya mkononi na Caroline Murat, malkia wa Napoli, mwaka 1810, ikakamilika 1812. Patek Philippe, watengeneza saa wa Uswisi, walimtengenezea yao Kontesa Koscowicz wa Hungaria mwaka 1868. Wanaume walikuwa na saa za mfukoni, za mkononi wakiziona mapambo ya kike, mpaka Vita vya Kwanza vya Dunia vilipowafundisha kwamba kwenye handaki huna mkono wa kuchomoa saa mfukoni.

Nataka kumpelekea mama mkwe. Nichukue ipi?

Usimchukulie yenye uso wa rangi ya shampeni na mishale ya njano. Ni nzuri dukani chini ya taa. Nyumbani mtu mwenye macho ya miaka sitini haioni mishale. Chukua uso mweupe au wa bluu iliyoiva, mishale inayotofautiana nao. Kufuli iwe ya kubonyeza pande mbili, si ile ya kindoano cha mapambo inayotaka kucha ndefu na subira. Na acha pingili zote, azipunguze mwenyewe akiwa amekaa kwenye kiti cha fundi. Wengi wanaipenda sehemu hiyo.

Naisafishaje?

Kitambaa laini chenye unyevu kila jioni ya jasho, dakika moja. Mara moja kwa mwezi mswaki laini wa mtoto, tone la sabuni ya maji, unapita katikati ya pingili huku saa umeielekeza chini ili maji yasikimbilie kwenye bodi. Kausha, iache wazi kidogo kabla ya kuirudisha kwenye boksi.

Dawa ya meno, majivu, limau, steliwaya: hapana, hapana, hapana, na hapana. Dawa ya meno ina chembe za kusugua. Meno yanazivumilia, utando wa maikroni mbili hauvumilii.

Naweza kuirudishia dhahabu ikishachujuka?

Sonara anaweza kuichovya, lakini saa ya rangi mbili ina shida yake: nyeupe lazima ifunikwe ili isipate njano, pingili kwa pingili, na mashine itolewe nje kwanza. Kazi ya mikono ya saa nyingi. Kwa saa ya kawaida utalipa zaidi ya bei ya mpya. Kwa saa ya kumbukumbu, hilo ni lako na moyo wako.

Nimeagizia Dubai kwa ndugu. Niwe macho na nini?

Kadi ya waranti iwe imejazwa tarehe na kugongwa mhuri wa duka, na isome kama ni ya dunia nzima au ya nchi ile tu. Namba iliyo kwenye kadi ilingane na iliyo mgongoni mwa saa. Na umwambie ndugu asiitoe pingili huko kwa kukadiria mkono wako.

Nina saa ya bibi, haijavaliwa tangu nikiwa mdogo. Inafaa?

Ilete kabla hujaigusa kitufe. Saa nyingi za umri huo ni za kujaza kwa mkono, na mafuta ndani yameganda kama gundi. Ukiijaza kwa nguvu inaweza kutembea, na kila inapotembea meno ya chuma yanasagana makavu.

Soma mgongo au pembeni ya bodi. Ukikuta PLAQUÉ na namba 10 au 20 na neno MICRONS, ni ya kuchovywa, na ni uchovyaji wa kipindi ambacho hawakubania. Ukikuta 750 na alama ndogo zilizogongwa, keti kwanza. Juzi binti mmoja alinifungulia kitambaa cha leso, ndani saa isiyozidi sarafu, mkanda umekatika, njano imebaki safi isipokuwa sehemu moja nyembamba ukingoni, karibu na kitufe. Bibi yake alikuwa akiijaza kila usiku kabla ya kulala, kwa kidole gumba kilekile, palepale. Aliniomba niisafishe mashine na nibadilishe mkanda. Pale ukingoni alisema nisipaguse.